Kitabu Nilichokisifu Bila Kukisoma

Wazee wetu hutukataza kununua mbuzi ndani ya gunia. Mimi nilifanya kosa kubwa kuliko hilo. Nilimsifu mbuzi aliyekuwa ndani ya gunia, na dada yangu akamnunua kwa fedha zake. Naomba nafasi katika gazeti letu la shule nieleze jinsi jambo hilo lilivyotokea, kwa kuwa wengi wetu tunamaliza Kidato cha Nne mwaka huu, na wamo miongoni mwetu wanaotamani kuishi kwa kalamu.

Ilikuwa mwezi wa Septemba mwaka jana, nilipokuwa katibu wa Chama cha Waandishi hapa shuleni. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitutaka tubandike katika ubao wa matangazo orodha ya vitabu vinavyomfaa mwandishi wa kujitegemea, yaani mtu asiyeajiriwa na gazeti lolote, bali hupeleka makala zake huku na huku na kulipwa kwa ile tu iliyokubaliwa. Kazi hiyo nilipewa mimi, nami niliimaliza jioni moja kabla ya kengele ya chakula. Niliingia maktaba, nikanakili majina yaliyo migongoni mwa vitabu, nikapata tisa. Nilitaka vitimie kumi. Ndipo nikakumbuka kijitabu nilichokiona kwa muuza vitabu wa stendi siku ya kurudi shule. Jalada lake lilikuwa na picha ya kalamu na noti, na liliahidi kwamba msomaji ataanza kula kwa kalamu yake kabla ya siku thelathini kupita. Sikuwa nimefungua hata ukurasa mmoja. Nikakiandika cha kumi, na kando yake nikatia maneno haya: Kizuri sana.

Orodha ilipendeza machoni. Nikainakili pia katika barua, nikampelekea dada yangu nyumbani Muheza. Dada alimaliza shule miaka mitatu iliyopita. Mchana hushona nguo kwa cherehani ya mama, na usiku huandika. Wakati ule makala zake mbili zilikuwa zimechapishwa, na nyingine nyingi hazikupata hata jibu. Alitegemea sana neno langu, kwa sababu mimi niko shuleni penye walimu na maktaba, naye yuko peke yake.

Majuma matatu yakapita, na jibu lake likafika. Vile vitabu tisa hakuvipata, lakini kile cha kumi alikipata, akatoa shilingi 15,000. Fedha hiyo ilikuwa ujira wake wa kushona sare mbili za shule. Akanieleza yaliyomo. Sura ya kwanza ilimwambia ajiamini. Ya pili ilimwambia aamke alfajiri. Ya tatu ilimwambia asisikilize wanaomvunja moyo. Ukurasa wa mwisho ukamwambia kwamba siri zenyewe za kazi zimo katika kijitabu cha pili, ambacho nacho kinauzwa. Hakunigombeza hata kidogo. Aliniuliza swali moja tu: “Mdogo wangu, kitabu hiki ulikisoma?”

Swali hilo lilinichoma kuliko matusi. Nilikaa siku nne nisijue la kujibu. Siku ya tano nilimwendea Mwalimu nikamweleza yote. Hakunipa adhabu. Alikwenda ubaoni, akaibandua orodha yangu, akaikunja na kunitia mkononi. Akasema, “Mtu anayemsifia mwenzake kitabu amekuwa mdhamini. Kitabu kikiharibu, mdhamini ndiye anayedaiwa.” Kisha akaniagiza nirudi Januari na orodha nyingine, yenye vitabu nilivyovisoma mpaka mwisho na kuvijaribu kwa kazi, hata kama kitakuwa kimoja.

Likizo ya Desemba niliazima vitabu nikaenda navyo nyumbani. Kabla ya kuanza nilijiandikia maswali matatu. La kwanza: je, aliyeandika mafunzo haya aliifanya kazi hii mwenyewe? La pili: je, anaonyesha mfano wa kosa na wa sahihi, au anatutia moyo tu? La tatu: je, kesho yake asubuhi naweza kushika makala mbovu na kuifanya bora kwa yale niliyoyasoma jana? Kile kijitabu cha noti kilianguka katika maswali yote matatu.

Nilianza na Kielezo cha Insha cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1954. Kwa swali la kwanza, nani atamshinda yeye? Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikulitazamia. Nilipouliza habari za maisha yake niliona kwamba fundi huyo mkubwa hakuwa akiishi kwa kalamu peke yake. Alikuwa mtumishi wa serikali, na tangu 1926 mpaka 1944 alikuwa karani wa forodha. Jambo hilo lilimfariji dada, ambaye alikuwa akiona haya kushona nguo huku akijiita mwandishi. Hata hivyo lugha ya kitabu hicho ni ya zamani, na sentensi zake zina mapambo mengi. Mtu akiziiga katika habari ya gazeti leo, mhariri atamrudishia. Kwa hiyo nilikisifu kwa sharti: kisomwe kwa ajili ya kupanga mawazo na utajiri wa maneno, wala kisiigwe.

Cha pili kilikuwa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, kilichotolewa mwaka huo huo wa 1954. Kitabu hiki kinajibu swali la kwanza kwa umbo lake lenyewe: kwanza sheria, kisha mashairi ya huyo huyo aliyezitaja. Msomaji aweza kuhesabu mizani na kutazama vina, aone kama mwalimu anafuata anayofundisha. Natamani kila kitabu cha mafunzo kiwe hivyo. Lakini dada hatungi mashairi, basi sikumpelekea. Hapo nilijifunza kwamba kitabu chaweza kuwa chema kabisa na bado kisimfae mtu fulani.

Viwili vilivyofuata ni vya Kiingereza. Kimoja ni The Elements of Style. William Strunk alikiandika mwaka 1918 kwa ajili ya wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Na mwaka 1959 kikatolewa upya baada ya kutengenezwa na E. B. White, aliyekuwa mwanafunzi wake na kisha mwandishi wa gazeti la The New Yorker. Ni kitabu chembamba, na kila kanuni ina mfano. Cha pili si kitabu bali ni insha ya mwaka 1946 ya George Orwell, Mwingereza aliyeandika vitabu na makala za magazeti, juu ya siasa na lugha ya Kiingereza. Mwalimu wetu wa Kiingereza alinipa karatasi zake. Mwishoni Orwell anataja kanuni sita, na ya sita yaruhusu kuvunja zile tano kuliko kuandika jambo la kuchukiza. Nilimpenda kwa hiyo kanuni ya sita.

Hapana budi niseme pia upungufu wake kwetu. Wote hao wanatahadharisha juu ya kauli ya kutendwa. Lakini Mswahili aliyeibiwa ng'ombe na asimjue mwizi atasema tu, “Ng'ombe wangu ameibwa,” na hakuna namna iliyo bora kuliko hiyo. Sheria ya lugha ya watu haivai lugha yetu kama shati. Huenda ikabana kwapani. Lakini ushauri mmoja ulitufaa bila kupunguzwa: ondoa neno lisilo na kazi.

Tuliujaribu ushauri huo mezani kwa mama, mimi na dada, katika makala yake juu ya wakulima wa machungwa wa Muheza, ambayo mhariri alikuwa ameikataa. Ilianza hivi: “Katika suala zima la kilimo cha machungwa, wakulima wengi wameweza kujikuta wakiwa katika hali ya kukumbwa na changamoto ya bei.” Maneno ishirini, na msomaji bado hajui lililowapata. Nilimwuliza dada, “Wewe uliona nini shambani?” Akanijibu kwa mdomo, nasi tukaandika alivyosema: “Machungwa yote huiva pamoja, na mkulima huuza kwa bei anayotajiwa na mchuuzi.” Maneno kumi na mawili, na chungwa laonekana. Tangu siku hiyo “katika suala zima la” tumelipiga marufuku nyumbani kwetu, na “wameweza kufika” limekuwa “wamefika”.

Cha tano kilikuwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilidhani kamusi si kitabu cha mafunzo. Lakini katika makala ile ile dada alikuwa ameandika kwamba msimu ukiisha machungwa huwa “adhimu”. Alikusudia “adimu”, yaani yasiyopatikana kwa urahisi. Adhimu ni kitu kitukufu. Tulicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Baada ya kicheko dada akanyamaza, akasema huenda mhariri naye alicheka, kisha akaiweka makala kando. Neno moja laweza kumnyima mtu ujira wa siku tano.

Makala hiyo ilichapishwa mwezi wa Machi. Mhariri aliondoa aya moja, nasi tulikubali kwamba haikuwa na kazi. Sisemi kwamba vitabu ndivyo vilivyoichapisha. Dada alirudi shambani mara mbili kuongea na wakulima, na hilo hakuna kitabu kilichomfanyia. Vitabu vilimsaidia kuondoa majani yaliyoufunika mti. Mti alikuwa nao mwenyewe.

Wasomaji wapenzi, orodha mpya sasa iko katika ubao wa matangazo. Ina vitabu vichache, wala haipendezi macho kama ile ya kwanza. Lakini mbele ya kila kitabu pana jina la mwanafunzi aliyekisoma mpaka mwisho, na mstari mmoja unaosema kinamfaa nani na upungufu wake ni upi. Asiyeridhika na kitabu amtafute mdhamini wake bwenini amwulize. Wanafunzi wa Kidato cha Pili wameongeza viwili, na kimoja tumekiondoa baada ya kukijaribu. Chini tumeacha nafasi tupu kwa ajili ya walimu na wazazi watakaotembelea shule.

Nami bado ni mdaiwa. Katika zile shilingi 15,000, nimemrudishia dada 6,000 kutoka katika fedha yangu ya matumizi. Yeye anasema deni limekwisha. Mimi nasema zimebaki 9,000, na ninakusudia kuzilipa kabla ya mtihani wa Novemba.