Shelui: Sikiliza injini kabla ya kupanda Sekenke

UKITOKA Igunga kwenda Singida, barabara hukatisha mbuga ya Wembere, nchi tambarare, mpaka Shelui. Hapo tambarare huisha. Mbele yako ni mlima Sekenke, ambao malori ya mizigo huupanda kwa gia ndogo, yakinguruma kona baada ya kona.

Shelui, wilayani Iramba, inajulikana kwa dhahabu. Mgodi wa Sekenke ulianza enzi za Wajerumani, na wachimbaji wadogo wapo hadi leo. Kwa msafiri mwenye familia, kuna hazina nyingine: mafundi wa kando ya barabara.

Mwezi uliopita tulisimama hapo, mimi, dada yangu, mumewe na watoto wao wawili. Gari lao ni Subaru Forester yenye tabo, kifaa kinachotumia nguvu ya moshi wa injini kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Lilikuwa limefungwa bomba kubwa la ekzosi, na masega, sehemu inayopunguza sumu ya moshi, yametolewa. Tangu asubuhi lilikuwa likilia "tik-tik-tik". Shemeji alisema gari lililoongezwa nguvu ndivyo linavyolia.

Fundi hakuanza na spana. Aliuliza maswali kama daktari: "Bosi, sauti imeanza lini? Inazidi injini ikiwa ya baridi au ya moto? Harufu ya moshi mnaisikia ndani?"

Kisha akatufafanulia. Mluzi unaotokea ukikanyaga mafuta, huku gari limepungua nguvu, mara nyingi ni mpira wa hewa ya tabo uliopasuka au kulegea. Mgongo mzito wa "ko-ko-ko" kutoka chini ya injini huweza kuwa beringi za ndani. Huo ukiusikia, zima gari na usiendelee. Lakini "tik-tik" inayosikika sana asubuhi na kupungua injini ikipata moto, mara nyingi ni moshi unaovuja kwenye maungio ya ekzosi. Chuma kikipata moto hutanuka na kubana ufa. Sauti hupungua, ubovu unabaki.

Akafungua boneti, akamulika kwa tochi ya simu. Kwenye maungio ya bomba linalopeleka moshi kwenye tabo kulikuwa na masizi meusi. "Gasketi imeungua," alisema. "Mlimani injini inafanya kazi zaidi, na moshi unavuja zaidi."

Mpwa wangu wa miaka minne alikuwa amelalamika kichwa tangu Nzega. Mama yake naye kichwa kilimuuma, akadhani ni uchovu wa safari. Baada ya nusu saa chini ya mti, wote wawili walikuwa sawa.

Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili hukosa oksijeni. Watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, kwa hiyo huweza kudhurika mapema.

Mzazi, kichefuchefu cha safari huweza kumshika mtoto mmoja tu. Watu wawili au zaidi wakiumwa kichwa, wakisikia kizunguzungu au usingizi mzito, kisha wakapata nafuu nje ya gari, shuku moshi. Simamisha gari, zima injini, toeni watoto wote kwenye hewa safi. Aliyezimia, aliyechanganyikiwa au anayetapika apelekwe hospitali haraka, na mweleze daktari kuhusu moshi huo. Kufungua vioo si matengenezo.

Gasketi mpya ilipofungwa, fundi alikataa kuturuhusu mara moja. Alisubiri injini ipoe kabisa, akaiwasha tena, akainama kusikiliza. "Tik-tik" haikuwepo. Ndipo akasema, "Sasa pandeni."