Pemba: Karafuu Zinanukia, Santuri Haichuji

Vijana wa mjini tukisikia Pemba, haraka haraka tunataja karafuu, mchezo wa ng'ombe na wale popo wakubwa wa msitu wa Ngezi. Basi. Disko hakuna, sasa mtu ukafuate nini? Msomaji wangu, leo nakupa sababu nyingine: kafuate santuri.

Boti kutoka Unguja inakushusha Mkoani. Hapo unadandia daladala, unapandishwa vilima na kuteremshwa hadi Chake Chake, na ukiwa na moyo unaendelea mpaka Wete. Njia nzima ni kijani kitupu. Waarabu hawakukosea walipokiita Kisiwa cha Kijani. Msimu ukiwadia, karafuu zinaanikwa majamvini na harufu inakufuata hadi ndani ya gari.

Usiidharau harufu hiyo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Pesa za msimu nazo zina mambo yake, kila mtu anajua: mmoja anaezeka nyumba, mwingine anaoa, na zamani zile mwenye nafasi zaidi alinunua gramafoni.

Uzuri wa gramafoni ya zamani, haikutaka umeme. Unazungusha mkono wake, unaweka sahani, unateremsha sindano, mambo yanaanza. Kwa kisiwa ambacho umeme wa gridi ulikifikia mwaka 2010, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, hilo si jambo dogo.

Na staa wa siku hizo alikuwa nani? Siti binti Saad, asikwambie mtu. Mtoto wa Fumba, Unguja, ambaye kabla ya umaarufu alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, India, wakarekodi santuri za HMV kwa Kiswahili. Upande mmoja wa sahani ulibeba dakika tatu hivi, wakati taarabu ya ukumbini hujivuta inavyotaka. Lakini dakika hizo tatu zilitosha. Mtu ambaye hajawahi kumwona Siti kwa macho aliisikia pumzi yake barazani kwake.

Nyie mnaopenda rock yenye asili ya blues mnaijua hadithi ya namna hii. Mwaka 1961, kwenye stesheni ya treni ya Dartford, Uingereza, Keith Richards alimkuta Mick Jagger amebeba santuri za Chuck Berry na Muddy Waters. Stori zikaanza hapo hapo. Mwaka uliofuata likazaliwa kundi la Rolling Stones, jina likitokana na wimbo wa huyo huyo Muddy Waters, mtu aliyekulia mashambani Mississippi. Vijana wale walikuwa hawajafika Mississippi. Santuri ndiyo iliyowafuata.

Wete nilikaribishwa kwa mzee mmoja mwenye kasha la sahani za zamani chini ya kitanda. Nikaamkia, akaitika marahaba, akaniambia, "Kaa kitako kwanza, mwanangu. Hiki si kitu cha kusikiliza umesimama."

Mjukuu wake, kijana wa rika letu, alikuwa na lake. Kuna mnunuzi alitaka kulichukua kasha zima, na pesa aliyotaja haikuwa mbaya. "Babu, nyimbo zenyewe siku hizi zimo kwenye simu," kijana akasema.

Mzee hakubisha. Akatoa sahani moja, akaifuta kwa kanga, akasema, "Haya, nitafutie hii."

Kijana akatafuta. Nami nikatoa simu yangu nikatafuta. Hatukuipata.

Hapo ndipo utamu na uchungu wa santuri unapokutana. Sahani zile hazikuwa za plastiki kama zilizokuja baadaye. Zilitengenezwa kwa gundi ngumu inayotokana na wadudu wa India, kwa hiyo ikianguka inavunjika kama sahani ya wali. Tena sindano ni ya chuma: kila unapoupiga wimbo, unaumega kidogo. Ndiyo maana yule mzee huipiga sahani ile siku ya Idi tu. Akiipiga kila siku ataimaliza, na asipoipiga kabisa wajukuu hawataijua.

Wenzetu wameanza kushtuka. Marekani, mwaka 2022, ziliuzwa santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kuongoza kwa idadi tangu 1987. Na wanaonunua si wazee peke yao, vijana wamo. Simu inakupa nyimbo elfu na unaruka ruka kama panzi. Santuri inakuweka chini, unasikiliza upande mzima, ukiisha unainuka kugeuza. Anayekaa kitako ndiye anayeyasikia maneno, na taarabu bila maneno ni nini?

Mpaka naondoka, kasha lilikuwa halijauzwa, ila kijana alikuwa amefanya jambo la maana. Aliomba sahani ipigwe mara moja, akairekodi kwa simu, kisha akamrekodi babu akifafanua mafumbo ya wimbo, nani alikuwa anasemwa na kwa nini. Huyo mnunuzi akirudi hata na gunia la pesa, maelezo hayo hana pa kuyanunua.

Kwa hiyo ukienda Pemba, karafuu nunua na popo kawaone. Lakini kama kwenu kuna bibi au babu mwenye sahani chini ya kitanda, anzia huko. Nenda na simu yenye chaji, na usiende na haraka.