Umefiwa na Nani?

Sisi watu wa kosplei, tunaovaa kama wahusika wa filamu na katuni, tunapenda kuambiana "jiamini tu". Ushauri huo haujawahi kunisaidia. Ujiamini vipi kwenye matatu ya Umoja, asubuhi, umeshika mkuki?

Kwa miaka miwili nilifanya kama wengi: vazi kwenye begi, unabadilisha chooni ukishafika. Ukumbini hakuna ujasiri unaohitajika. Pale ni aliyekuja na jinzi anayeonekana wa ajabu.

Halafu nikampenda Okoye, jenerali wa Wakanda, aliyeigizwa na Danai Gurira katika Black Panther ya mwaka 2018. Mbunifu wa mavazi yale, Ruth E. Carter, alipata Oscar mwaka 2019, na ukiangalia ule wekundu na shanga zake utawaona Wamaasai palepale. Pete za shingoni ni za Wandebele. Mimi Oscar sina. Nilikata mkeka wa sponji wa mazoezi, nikaupasha moto kwa draya ya nywele hadi ukakunjika kama bega, nikabandika kwa gundi ya viatu, kisha rangi ya dhahabu. Mkuki ulikuwa mti wa mopu. Nguo yenyewe nilimpa fundi wa Gikomba.

"Hii ni ya kwaya ama ya ngoma?" akauliza.

"Ya vita."

Hakucheka. Akaniambia nikae, niiname, niinue mikono, akafumua kwapa na kushona upya. Kama kuna aliyenipa ujasiri, ni yule mzee. Nguo usiyolazimika kuivuta kila dakika inakuachia akili ya kuwatazama watu machoni.

Lakini Okoye ana kipara, na kipara hakiingii kwenye begi. Unaamka nacho Jumatatu, unaenda nacho ofisini, kanisani, dukani. Nilinyoa Alhamisi. Ijumaa Mama akapiga simu ya video kutoka Kakamega, akanyamaza kabisa. Kisha:

"Umefiwa na nani?"

Kwetu kichwa cha mwanamke kikinyolewa, watu huuliza kaburi liko wapi. Baba alipokufa tulinyolewa pamoja, Mama na mimi, kwenye kiti kimoja cha plastiki, yeye kwanza.

"Hakuna aliyekufa, Mama. Ni ya kuvaa."

"Kichwa kinavaliwa?"

Nikamweleza habari za jenerali na kikosi chake cha wanawake, wote vipara, na hakuna hata mmoja aliyenyoa kwa msiba. Akataka kujua kama wameolewa. Nikasema jenerali ana mume. Hilo lilimtuliza kidogo, sijui kwa nini.

Jumamosi nilitoka nyumbani nimevaa kila kitu. Baada ya simu ile, stendi ya matatu ilikuwa rahisi. Konda alidai nauli ya mkuki, nikalipa, maana kweli ulichukua nafasi ya mtu.

"Krismasi ukija," Mama alikuwa ameniambia, "funga kilemba." Nilifunga. Siku ya pili shangazi akaniomba nikifungue aone, na Mama, aliyekuwa akichambua mboga, akasogeza kiti chake karibu.