Sikio Moja la Mama

Video yangu iliyowahi kutazamwa sana ni ya mama. Namwambia, "Mama, nipe mwiko," yeye anageuka, "Jiko limefanya nini?" Watu walikufa kwa kicheko. Nikatengeneza zingine nne. Zote nimesimama kushoto kwake, juu simu ya kurekodi ilikuwa upande ule mwingine, na sikujiuliza kitu.

Dalili zilikuwepo. Alikuwa ameacha kupokea simu na sikio la kushoto. Alilalamika kuna kitu kinalia humo ndani kama sufuria ya presha, usiku kucha. Stima zikipotea alikuwa anashika ukuta kwenda choo. Kliniki moja ilimpa dawa ya matone mara tatu, ati ni nta. Kizunguzungu nacho kikaitwa presha.

Daktari wa masikio ndiye alimfungia kwenye kachumba kasiko na kelele, akamwambia abonyeze kitufe akisikia mlio. Sikio la kulia sawa kabisa. La kushoto, wacha tu. Akasema hiyo tofauti ya masikio mawili ndiyo inamsumbua, tufanye MRI. Tukachanga. Picha ikaonyesha uvimbe wa milimita 14. Unaitwa akustiki nyuroma.

Venye nilielewa: kuna neva inayotoka sikio la ndani kwenda kwa ubongo, imebeba kusikia na usawa wa mwili. Seli zinazoifunika, kama vile plastiki inavyofunika waya wa stima, zinaanza kuzidiana. Si kansa, haisambai mwilini. Mara nyingi inaanzia upande wa usawa, lakini kusikia ndiko kunaathirika mapema. Inakua polepole hadi mwili unazoea, ndio maana mama hakuwahi kuanguka, na sikio lake zima lilikuwa linamfichia siri. Shida ni nafasi. Neva ya uso inapitia njia hiyo hiyo nyembamba, na uvimbe ukiwa mkubwa unaweza kufinya shina la ubongo.

Mark Ruffalo, yule wa Hulk, aliwahi kuwa nayo. Baada ya upasuaji upande mmoja wa uso wake ulipooza kwa miezi. Uso ulirudi, sikio la kushoto halikurudi.

Nilimwonyesha shangazi hiyo habari kwa sababu alikuwa anataka mama apasuliwe kesho. "Kitu iko kichwani mnaiangalia tu?" Lakini kuna njia tatu: kupasua, kuchoma kwa miale, au kusubiri huku ukipigwa picha kila baada ya muda. Upasuaji haurudishi kusikia kulikopotea. Daktari na mama wakachagua kusubiri. Picha nyingine ni baada ya miezi sita. Shangazi bado amenuna.

Mimi hasira yangu iko kwa ile chupa ya tatu ya matone. Sikio moja likififia na lingine liko sawa, au moja tu ndilo linalia na haliachi, itisha kipimo cha kusikia. Usikubali kuambiwa ni nta na mtu ambaye hata hajachungulia.

Zile video nimezitoa. Mama ameuliza mbona, akasema ya mwiko ilikuwa tamu, niirudishe. Sijairudisha. Siku hizi tukikula nakaa kulia kwake.