Jiwe Langoni pa Waarmenia

Katika mji mtukufu wa Baitul Mukaddas umo mtaa wa Waarmenia, na ndani yake kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo, jengo la karne ya 12, lenye taa nyingi za mafuta zilizotundikwa juu. Lakini sisi Waislamu yatupasa kusimama kwanza kwenye lango la kuingilia. Hapo pana jiwe lenye maandishi ya Kiarabu, amri ya Sultani Jaqmaq wa Misri, ya mwaka 854 Hijria (1450). Amri hiyo iliondoa kodi ya dhuluma waliyotozwa Waarmenia, ikamlaani atakayeirudisha. Dola ya Mamluki imekwisha zamani, jiwe lingalipo. Enyi vijana, haki tuwatendeayo majirani wa dini nyingine hudumu kuliko ufalme.