Mkwe, Bastola ya Mwaka 1961 na Risasi ya Sita

Kuna vitu ukivikuta ukweni unanyamaza tu. Chakula hakina chumvi, unanyamaza. Mzee anakupigia stori ile ile mara ya nne, unacheka upya. Lakini kuna jamaa mmoja wa Bongo, anaishi Marekani mwaka wa tisa sasa, alikutana na kitu ambacho kukinyamazia kulimshinda: bastola kwenye droo pembeni ya kitanda cha mkwe wake, na mtoto wake wa miaka sita anakimbia mle ndani chumba hadi chumba.

Ilikuwa Novemba, wiki ya Thanksgiving, huko Montana. Kama huijui Montana, fikiria milima, theluji, na jirani wa karibu unamfuata kwa gari. Mama mkwe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa hiyo mke wa jamaa akasema safari hii wanaenda wote, mzee asile peke yake.

Usiku wa kwanza, baada ya msosi, mzee akaingia chumbani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Akakifungua mezani. Rivolva, ile ya kikauboi kabisa kama za kwenye muvi, mshikio wa mbao, rangi ya chuma imefifia kwa kushikwa. Ruger Blackhawk. Baba yake mzee aliinunua mwaka 1961. Risasi alikuwa ameshazitoa kule kule chumbani.

"Sikiliza, mwanangu," mzee akamwambia jamaa. Akavuta nyundo ya bastola kwa dole gumba, taratibu. Ka. Ka. Ka. Ka. Milio minne.

"Hiyo ndiyo sauti ya baba yangu," akasema.

Washabiki wa hizi silaha wanapenda kusema ile milio minne inataja herufi C-O-L-T, yaani Colt, kiwanda kilicholeta rivolva maarufu ya aina hii mwaka 1873. Ruger walikuja baadaye sana. Walianza mwaka 1949, na miaka ya 1950, TV za Marekani zilipojaa michezo ya kauboi, kila mtu akawa anataka bastola ya kikauboi. Ruger wakatoa ya kwao ndogo mwaka 1953, kisha Blackhawk mwaka 1955. Kwa kuitazama na kwa kuitumia, ilikuwa ya kizamani: unavuta nyundo kwa mkono, unabana triga, inalia. Unavuta tena.

Jamaa, ambaye nyumbani bunduki aliyowahi kuiona kwa karibu ni ya mlinzi wa benki, akauliza kwa heshima zote, "Baba, hii inakaa wapi?"

"Kwenye droo, pembeni ya kitanda."

"Na risasi?"

"Humo humo. Tano." Mzee akatabasamu kama mwalimu aliyekuwa anasubiri swali. "Ina matundu sita, lakini mtu anayejua anajaza tano. Nyundo unailaza juu ya tundu tupu. Mimi nilifundishwa nikiwa na miaka minane."

Sababu yake ni hii. Kwenye hizo rivolva za zamani, nyundo ikishalala chini inaikandamiza pini ya kufyatulia, na pini inagusa kitako cha risasi iliyo mbele yake. Bastola ikidondoka na nyundo ikajigonga, inaweza kufyatuka yenyewe. Hakuna aliyegusa triga. Ndiyo maana kwa miaka mia moja dawa ikawa moja tu: jaza tano, acha tundu moja tupu. Usalama wote ulikaa kichwani mwa mwenye bastola.

Mwaka 1973, Ruger wakasema basi. Wakaacha kutengeneza zile za zamani, wakaleta muundo mpya waliouita New Model. Nje ilikuwa kauboi yule yule, ila ndani mambo mengine kabisa. Waliweka kipande chembamba cha chuma kati ya nyundo na pini. Ukibana triga, kile kipande kinapanda na kupitisha pigo la nyundo mpaka kwenye pini. Usipobana, kinakaa chini, na nyundo haiifikii pini hata ukiidondosha juu ya jiwe. Sasa unajaza zote sita na unalala usingizi.

Wapenzi wa mambo ya kale walinuna. Ile milio minne ilipotea. Skrubu tatu za ubavuni, ambazo mpaka leo wakusanyaji wanazitumia kuitambua ya zamani, zikaondoka. Mzee alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na anakumbuka baba yake alivyosema baada ya kuishika ile mpya dukani: "Hii wamewatengenezea watu wasiojua kuhesabu."

Mzee akacheka sana alipoisimulia hiyo. Jamaa naye akacheka. Chini ya meza, mtoto alikuwa ametulia tuli, anaangalia juu.

Usiku ule kulikuwa na mnong'ono chumbani kwa wageni.

"Mwambie baba yako aifungie mahali."

"Nimekulia kwenye nyumba hii na bastola hiyo hiyo," mke akasema. "Hakuna aliyewahi kuumia. Na wewe una mdomo. Mwambie mwenyewe."

Sasa hapo ndipo ilipo noma. Jamaa kakuzwa kwamba baba mkwe humfundishi kazi. Humkosoi kwenye nyumba yake, tena mwaka aliozika mke. Akamlaza mtoto katikati yao, akashika simu, akaanza kusoma.

Alisoma mpaka saa nane usiku. Akakuta kwamba watu waliumia kweli na bastola za muundo ule wa zamani, wakaenda mahakamani, na kesi moja dhidi ya Ruger ikafika Mahakama ya Juu ya jimbo la Alaska mwaka 1979. Akakuta pia kwamba mwenye Ruger ya zamani anaweza kuirudisha kiwandani ikabadilishwa ndani ili iwe salama, bure. Na vile vipande vya zamani vinavyotolewa, kiwanda hakivitupi. Wanakurudishia kwenye kifuko pamoja na bastola yako, maana wanajua kuna watu wanaviona kama mifupa ya marehemu.

Akaifunga simu. Alikuwa na maelezo yote. Mdomo wa kuyasemea ndio hakuwa nao.

Asubuhi mzee akamgongea. "Twende nyuma ya ghala, nikufundishe."

Wakatoka wawili tu. Baridi kali, theluji inafika kwenye vifundo vya miguu. Mzee alikuwa ameichukua bastola kutoka kwenye droo, pale pale alipoirudisha usiku baada ya kuijaza upya. Akasema kabla ya kupiga, mtu anajifunza kwanza kuipakua. Akavuta nyundo nusu, akafungua kilango cha pembeni, akaanza kuzungusha silinda, tundu moja baada ya jingine, akisukuma risasi moja moja itokee nyuma huku akihesabu kwa sauti ili mwanafunzi asikie.

"Moja." Ikaangukia kwenye ubao.

"Mbili. Tatu. Nne."

"Tano. Na hili sasa ni lile tundu tu..."

Ya sita ikatoka. Ikagonga ubao, ikabiringika, ikazama kwenye theluji.

Hakuna aliyesema kitu. Mzee alibaki ameshika bastola, anaangalia lile tundu kama vile limemtukana. Mle ndani hakuna mtu mwingine aliyeigusa. Aliijaza mwenyewe, usiku ule ule, saa moja haijapita tangu awahubirie wote mezani habari za tano.

Jamaa angeweza kusema mengi. Alikuwa na kesi ya Alaska, alikuwa na mwaka 1973, alikuwa na mtoto wa miaka sita. Akainama, akaichimbua ile risasi kwa vidole, akaifuta maji kwenye koti lake. Kisha akampa mzee kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa kitu chochote nyumbani kwao.

Mzee akaipokea. Akaigeuza geuza kiganjani.

"Marehemu ndiye alikuwa ananikumbusha," akasema mwisho. "Kila usiku nikiijaza, alikuwa anauliza toka jikoni: ngapi? Nami najibu: tano. Miaka arobaini na sita. Nilidhani ni utani wetu tu."

Hawakupiga risasi hata moja siku ile. Walirudi ndani, na mzee akamwambia binti yake atafute kufuli la ile kabati ya chuma ya ghalani. Binti akamwangalia mume wake, mume akaangalia pembeni.

Ilikuwa mpaka siku ya kuondoka, mabegi yako garini, ndipo mzee akamvuta jamaa pembeni. "Mwanangu, nasikia kuna kitu kiwandani wanakifanya kwa hizi za zamani. Unajua chochote?"

"Nilisoma kidogo, Baba."

"Lini?"

"Usiku ule wa kwanza."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Na ukanyamaza."

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

Bastola ilipelekwa mwezi Januari. Pasaka familia ikarudi Montana, na safari hii mzee alikwenda kwanza kuomba ufunguo kwa binti yake, maana ndiye anayeutunza kila wanapokuwepo. Akaitoa, akaivuta nyundo mbele ya jamaa. Mlio ulikuwa tofauti. Wote wawili waliusikia, na mzee alifumba macho kidogo kama mtu anayetafuta redio iliyopotea. Kifuko kidogo chenye vipande vya zamani kilikuwa mezani, na ndani yake alikuwa ameweka kitu kimoja cha ziada: ile risasi ya sita.

Akaanza kujaza. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akafunga kilango.

"Sasa hivi unaweza kuweka zote sita, Baba," jamaa akamwambia. "Haina shida tena."

"Najua," mzee akasema. Halafu akakaa anamtazama, anasubiri.

Jamaa akachukua sekunde chache kuelewa anasubiri nini.

"Ngapi?" akauliza.

"Tano," mzee akajibu, akaenda kuifungia.

Haya wadau, ingekuwa wewe na baba mkwe wako, ungeanzia wapi?