Shaba gani inafaa kusubu murti? Yaliyonikuta Thika

Najua niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, lakini hifadhidata zitasubiri. Leo nataka kuwasimulia jambo lililoniondoa mbele ya kompyuta yangu hapa Ruiru na kunisimamisha mbele ya tanuri kule Thika. Ni habari za metali, ila mwishoni mtaona zinatuhusu sana sisi tunaoandika programu.

Ilianza hivi. Kuna mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi Thika. Ndiye mteja wangu wa kwanza kabisa. Nilimwandikia programu ya kuhesabu mali ya duka, na hadi leo huniita "kijana" ingawa nywele zimeanza kunitoka. Mwaka 2023 wezi waliingia nyumbani kwake wakabeba kila kitu cha shaba: sinia, taa za ibada, na murti ya Krishna mtoto, sanamu ya urefu wa kama sentimita 15 ambayo babu yake alikuja nayo kutoka Gujarat. Runinga hawakuigusa. Nyote mnajua kwa nini. Shaba kuukuu ina bei. Januari 2022, baada ya milingoti ya umeme kuanguka na sehemu kubwa ya nchi kukaa gizani, serikali ilisimamisha biashara ya vyuma kuukuu kwa miezi kadhaa, na hiyo ni pamoja na kwamba sheria ya kuidhibiti ilikuwapo tangu 2015.

Mzee angeweza kuagiza nyingine India. Hakutaka.

"Mimi nimezaliwa Thika," aliniambia. "Nataka isubiwe Thika. Wewe kijana unajua intaneti, nitafutie metali inayofaa."

Ilitakiwa iwe tayari kabla ya Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, ambayo mwaka 2024 iliangukia tarehe 26 Agosti.

Kwanza niliwaza viwanda vya hapa Ruiru. Tuna Devki Steel Mills, ambayo mwanzilishi wake, Narendra Raval, alihudumu katika hekalu la Swaminarayan kule Kisumu kabla ya kuingia biashara ya chuma. Lakini kiwanda kama hicho huyeyusha kwa tani, nacho ni cha chuma. Kilo 3 za shaba ni kazi ya jua kali. Nikampata fundi Thika, anayesubu sufuria na vipuri vya pampu kwa mchanga na mkaa.

Kisha nikasoma. Wahindu wana neno panchaloha, yaani metali tano. Zinaweza kuwa shaba, zinki, bati, fedha na dhahabu, ila orodha hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Kule Swamimalai, Tamil Nadu, mafundi bado wanatumia njia ya nta: unachonga sanamu kwa nta, unaifunika kwa udongo laini, unaichoma ili nta itoke, halafu unamimina metali mahali ilipokuwa nta. Kila kalibu huvunjwa, kwa hiyo hakuna sanamu mbili zinazofanana kabisa.

Kwa fukara kama sisi, nikabaki na chaguo tatu:

1. Aluminiamu. Inayeyuka kwa nyuzi 660 tu na fundi ameizoea. Ni rahisi na bei yake nafuu.
2. Brasi, yaani shaba na zinki. Inayeyuka kwa nyuzi 900 na kitu. Inang'aa kama dhahabu, na murti nyingi za nyumbani hutengenezwa kwayo.
3. Bronzi, yaani shaba na bati. Inahitaji karibu nyuzi 1,000 na zaidi. Ni ngumu kuipata, kwani bati halisi haliuzwi kila duka.

Tulijaribu aluminiamu kwanza, ili tupime kalibu. Ilitoka safi. Mzee aliinyanyua kwa vidole viwili, akacheka, akasema, "Hii ni sufuria yenye uso." Na kweli, aluminiamu ina uzito chini ya theluthi ya ule wa shaba. Mungu wa babu yake ulimhisi mkononi.

Tukaenda kwa brasi. Fundi alikusanya mifereji kuukuu ya maji, vali na makufuli. Zinki huanza kuchemka kwenye nyuzi 907, hivyo moshi mweupe ulijaa kibanda. Usiku ule fundi alishikwa na homa na baridi. Asubuhi alikunywa maziwa, kama mafundi wengi wanavyofanya, akarudi kazini. (Maziwa hayazuii kitu. Kinachosaidia ni kufanyia kazi mahali wazi na kutozidisha moto.) Lakini sanamu! Ilikuwa nzuri mno. Mashavu yalijaa, kidole kilikuwa mdomoni, kila kitu mahali pake. Mzee aliishika kimya kwa muda mrefu, machozi yakamlenga. Nikajiona bingwa.

Kisha nikauliza, kwa kupiga soga tu, sikukuu yenyewe hufanywaje.

Akanieleza. Usiku wa manane murti huogeshwa kwa panchamrit: maziwa, mtindi, asali, samli na sukari. Halafu kile kilichoogeshea hukusanywa, na kila mtu hupewa kidogo kwenye kiganja anywe. "Wajukuu ndio hupenda zaidi," alisema. "Ni tamu."

Ndugu wasomaji, tumbo lilinikata.

Mifereji ya maji haitengenezwi kwa shaba na zinki peke yake. Kwa miaka mingi viwanda vimekuwa vikiongeza risasi, ile metali nzito ya betri za gari, kiasi cha asilimia 2 hadi 3, ili brasi ikatike vizuri kwenye mashine ya kukereza. Sanamu ya kilo 2 ingeweza kuwa na gramu 40 hadi 60 za risasi. Na mtindi una asidi, ambayo huitoa risasi kwenye metali. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, ubongoni. Sisi Wakenya hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walipigana mahakamani kwa sababu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu.

Zilikuwa zimebaki siku 19. Nilikaa na siri hiyo usiku mzima. Mzee alikuwa amefurahi, fundi alikuwa amelipwa, na mimi ndiye niliyesema brasi inafaa. Hata sanamu maarufu za enzi za Chola, za karne ya 9 hadi ya 13, zina risasi ndani yake, kwa maana husaidia metali kutiririka. Nani angenilaumu?

Asubuhi nilikwenda nikasema. Mzee alinyamaza. Fundi ndiye aliyekasirika. "Injinia, sufuria zangu zinalisha nusu ya mji huu. Leo unasema nauza sumu?" Nilimwambia kosa ni langu, na gharama ya kurudia ni yangu. Akapoa kidogo.

Sasa bati litoke wapi? Jibu lilikuwa kwenye droo yangu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 2006, na tangu hapo waya wa lehemu usio na risasi umeenea. Karibu wote ni bati. Aina moja ina fedha asilimia 3 na shaba kidogo. Nikaenda Luthuli Avenue, Nairobi, nikanunua gramu 300. Shaba, kilo 2.7, tulipata kwa fundi wa kusuka mota, nyaya kuukuu alizozitoa mwenyewe, na mzee akadai risiti. "Siwezi kutengeneza kilichoibwa kwa kilichoibwa," alisema.

Tulinunua chungu kipya cha kuyeyushia, kwa sababu mabaki ya aluminiamu huharibu bronzi na mabaki ya brasi yangeturudishia risasi. Shaba iliyeyuka kwanza chini ya tabaka la mkaa, bati likaingia mwishoni. Mkwe wa mzee alitupia kipande cha hereni ya dhahabu kilichovunjika, kidogo kama punje ya mchele. Shaba, bati, fedha, dhahabu. Zinki haikuwamo. Mzee alisema nne zinamtosha.

Haikutoka nzuri kama ya brasi. Kisigino kimoja kina kitobo, na rangi yake ni nyekundu kuliko dhahabu. Nilimwambia mzee ukweli wote: bronzi nayo hutoa shaba kidogo ikilowa kwenye mtindi, basi aiogeshe haraka, asiilaze humo. Akakubali.

Ile ya brasi alinipa mimi. Alisema haijafanyiwa ibada ya kuiweka wakfu, kwa hiyo bado ni metali tu. Iko juu ya kabati hapa Ruiru, mahali mwanangu hafiki.

Naitazama kila ninapoandika programu. Nilikuwa nimeuliza metali ipi inang'aa, ipi inayeyuka upesi, ipi ni rahisi. Swali la kumuuliza mzee siku ya kwanza, "Utaifanyia nini?", nililiuliza mwisho, tena kwa bahati. Muulizeni mteja mapema.

Wiki ijayo, hifadhidata. Safari hii kweli.